Penye Urembo Ndipo Penye Urimbo: Hoteli ya Portmeirion kama Mhusika katika The Prisoner

Katika uhakiki wetu wa darasani, mandhari ndiyo kipengele kinachoonewa kuliko vyote. Tukipewa swali la fani tunakimbilia wahusika, tunazunguka kwenye matumizi ya lugha, tunapitia muundo, kisha mandhari tunaitupia sentensi mbili za kufungia mlango: "Hadithi inatokea mjini na kijijini. Msanii amefaulu." Basi, tumemaliza. Amefaulu vipi? Kwa nini mjini na si ufukweni? Pale mahali pana mwenyewe, au ni uwanja mtupu uliokuwa ukimsubiri msanii? Hayo hayaulizwi, na walimu wetu nao, tuseme kweli, mara nyingi hutupa alama zetu tukaenda zetu.

Makala haya yanapinga tabia hiyo. Nimechagua kwa makusudi kazi ambayo ukiivua mandhari yake inabaki mifupa: tamthilia ya televisheni ya Uingereza iitwayo The Prisoner, ambayo picha zake za nje zilipigwa katika hoteli ya zamani ya kando ya maji huko Wales, Hoteli ya Portmeirion. Najua wapo watakaosema kwamba televisheni si fasihi, na kwamba jarida letu limekosa kazi. Mimi nawajibu hivi: kazi yenye msuko, wahusika, mgogoro na dhamira inahakikika. Ngano ya bibi haikuandikwa kitabuni, na bado tunaiita fasihi bila kigugumizi. Kwa nini tamthilia ya skrini ifukuzwe mlangoni?

Kwanza, kazi yenyewe

The Prisoner ilianza kuonyeshwa Septemba 1967 na kumalizika Uingereza Februari 1968, ikiwa na sehemu 17 tu. Patrick McGoohan ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu na mtu mwenye kauli ya mwisho katika utayarishaji. Baadhi ya sehemu aliziandika na kuziongoza mwenyewe. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Jasusi mmoja wa serikali anajiuzulu kwa hasira. Anarudi nyumbani kwake London kufunga mizigo, anapuliziwa gesi, anazimia. Akizinduka, yumo chumbani mwake vilevile, samani zilezile. Anafungua pazia: London haipo. Nje kuna mji mdogo wa rangi za peremende, kuba la kijani, sanamu, maua, bendi inapiga muziki. Mahali hapo panaitwa Kijiji, hakuna jina jingine. Yeye naye hana jina tena. Anaitwa Namba Sita. Mtawala wa hapo ni Namba Mbili, ambaye karibu kila sehemu ni mtu mwingine, na kazi yake ni moja: kumfanya Namba Sita aseme kwa nini alijiuzulu. Namba Moja ni nani? Hilo ndilo fumbo linalovutwa hadi sehemu ya mwisho.

Sasa tazama gereza hili lilivyo. Halina ukuta wala pingu. Kila asubuhi sauti nyororo ya mwanamke inatoka katika vipaza sauti, inawaamkia wakazi, inatangaza hali ya hewa na hata ladha ya aiskrimu ya siku hiyo. Watu wamevaa majoho ya rangi na kushika miavuli ya mistari. Kuna teksi, lakini zinazunguka humohumo. Namba Sita anaingia dukani kuomba ramani. Anapewa ramani ya Kijiji. Anaomba kubwa zaidi. Anapewa ramani ya Kijiji iliyo kubwa zaidi na yenye rangi. Anayethubutu kukimbilia mchangani hufuatwa na puto kubwa jeupe linalovuma kama mnyama, likamfunika uso hadi akazirai. Wazee wetu walishasema: penye urembo ndipo penye urimbo. Ndege hanaswi na mti mkavu. Hunaswa na tawi zuri lililopakwa ulimbo. Huo ndio moyo wa tamthilia hii, na moyo huo haukuandikwa kwenye karatasi peke yake. Ulikuwa umeshajengwa kwa mawe na chokaa.

Hoteli iliyokuwa tayari na uongo wake

Portmeirion iko kwenye mlango wa mto Dwyryd, kaskazini ya Wales. Msanifu majengo Clough Williams-Ellis alilinunua eneo hilo mwaka 1925. Palikuwa na jumba la karne ya 19 karibu kabisa na maji, na jumba hilo ndilo alilolifanya hoteli, ikafunguliwa mwaka 1926. Juu yake, kwenye mteremko, akaanza kujenga mji wa ndoto: minara, safu za nguzo, vibanda vya rangi, bustani za mimea ya nchi za joto. Aliendelea na kazi hiyo, ukiacha miaka ya vita na iliyofuata, hadi miaka ya 1970. Nia yake ilikuwa ya heshima. Mwaka 1928 alichapisha kitabu cha kulalamikia ujenzi wa ovyo uliokuwa ukiharibu mashamba na pwani ya Uingereza, na Portmeirion ilikuwa hoja yake ya mawe: kwamba mahali pazuri panaweza kujengwa pasiharibike, na wageni wanaolipa ndio watakaobeba gharama.

Mambo matatu ya hoteli hii yanamhusu mhakiki.

La kwanza ni jina. Kabla ya Williams-Ellis mahali hapo paliitwa Aber Iâ, jina la Kiwelshi lenye maana ya mlango wa barafu. Yeye akaona jina hilo halitavutia wageni, akapaita Portmeirion. Kwa hiyo, msomaji, muda mrefu kabla jasusi wetu hajanyang'anywa jina na kupewa namba, mahali penyewe palikuwa pameshanyang'anywa jina na kupewa jingine kwa ajili ya biashara. Na hapo ni katika eneo ambalo Kiwelshi ni lugha ya nyumbani mpaka leo, ilhali mabango yote ya Kijiji yanasomeka kwa Kiingereza. Sidhani McGoohan alilikusudia hilo. Lakini mhakiki hafungwi na makusudi ya msanii, anasoma kilichopo.

La pili ni macho. Williams-Ellis alikuwa fundi wa kudanganya jicho. Baadhi ya madirisha ya Portmeirion yamechorwa tu ukutani, na baadhi ya nyumba zimepunguzwa vipimo ili kwa mbali zionekane majumba makubwa ilhali ukifika ni vibanda. Vipande vingine ni vya majengo ya kwingine yaliyokuwa yanabomolewa: safu ya nguzo ilitoka Bristol, na dari moja la karne ya 17 lilitoka katika jumba la Emral Hall. Aliyaokoa yasiishie kifusini, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila matokeo yake ni mji ambao kila kitu kimetoka mahali pengine. Na wakazi wa Kijiji je? Nao wametoka mahali pengine, wameng'olewa kwao na kupandikizwa hapo kama nguzo zile. Ndani ya nyumba ya Namba Sita ni nakala ya nyumba yake ya London. Dirisha la kuchorwa na nyumba ya kunakiliwa ni ndugu wa tumbo moja.

La tatu, na kwangu ndilo kuu, ni ile mashua. Mbele ya hoteli, gatini, kuna mashua ya mawe. Imejengwa pamoja na ukuta wa gati, ina mlingoti na sitaha, wageni hupanda wakapiga picha, na haitasafiri kamwe. Katika tamthilia, jumba la hoteli limekuwa nyumba ya wazee, na mashua ile iko mbele yao. Jamani, kuna haja ya mwandishi kuandika hotuba ndefu juu ya kukata tamaa? Wazee wameketi kwenye mashua isiyoondoka, maji yanapwa na kujaa mbele yao, na hakuna anayeshangaa. Kamera inapita tu. Tungeikuta picha hiyo katika riwaya tungeiita ishara na kuijazia kurasa tatu. Kwa kuwa imejengwa na msanifu, tunaiita mandhari na kuipita.

"Lakini studio ingetosha"

Mwenzangu mmoja katika semina alinipinga vikali. Alisema picha za ndani zilipigwa katika studio za MGM huko Borehamwood, kwa hiyo studio ndiyo iliyojenga Kijiji, na hoteli ni kasha la zawadi tu. Tena, akasema, zipo sehemu ambazo Kijiji hakionekani sana, na hadithi inaenda.

Hoja yake ina uzito, lakini inaniangukia mimi kwa faida. Tuzitazame hizo sehemu. Iitwayo "Living in Harmony" imegeuzwa kuwa hadithi ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Ni jaribio la kijasiri, lakini linapata maana pale tu mwishoni, tunaporudishwa Kijijini na kugundua kwamba mji ule wa wachunga ng'ombe ulikuwa wa kubuni. Ndiyo kusema, hata sehemu inayoihama hoteli inaidai hoteli ili ieleweke. Nayo "Do Not Forsake Me Oh My Darling", ambapo akili ya Namba Sita inahamishiwa katika mwili wa mtu mwingine na kupelekwa Ulaya, kwangu mimi ndiyo dhaifu kuliko zote: imekuwa hadithi ya kijasusi kama mia nyingine. Kilichopungua ni nini? McGoohan haonekani sana humo, kweli. Lakini pia ule ubaridi wa kuona uovu ukitabasamu juani umetoweka. Ofisi yenye giza inatutisha kwa sababu tumeshazoea kuiogopa. Bustani ya maua inatutisha kwa sababu tulikuwa tunaiamini.

Ndiyo maana naiweka "Free for All" mbele. Humo kunafanyika uchaguzi. Namba Sita anashawishiwa agombee nafasi ya Namba Mbili. Kuna mabango, bendi, shangwe, mwandishi wa habari anayeandika majibu ambayo mgombea hakuyatoa. Namba Sita anashinda kwa kishindo, anakaa kwenye kiti cha enzi, anabonyeza vitufe na kuwatangazia watu kwamba wako huru. Hakuna anayetingishika. Halafu anapigwa. Wasomaji wa nchi zetu, ambazo ziliingia katika chaguzi za vyama vingi miaka ya 1990 kwa ngoma na fulana za bure, hawahitaji mkalimani hapa. Ila angalia mandhari inavyofanya kazi: uchaguzi ule unafanyika katika uwanja wa hoteli, mahali palipojengwa ili mtu ajisikie yuko sikukuu. Umati wa Kijiji unapiga kura kama wageni wa hoteli wanaochagua chakula cha jioni. Orodha ya vyakula wameikuta, jikoni hawaingii.

Hapa nawakumbusha methali nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaichukulia kama ya kumsuta mgeni mvivu. Mimi naiona ni ya heshima. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kwamba sasa wewe ni mwenzetu, una sehemu yako na una neno lako. Hoteli haimpi mtu jembe hata akikaa miaka 20. Inamhudumia, inamtazama, inamwandikia namba ya chumba. Kijiji ni ukarimu uliokataa kumpa mgeni jembe, na ukarimu wa namba hiyo ndio kifungo chenyewe.

Gereza la raha na gereza la kweli

Sasa niulize swali linalonikera mimi mwenyewe. Je, si anasa hii? Mtu ana nyumba, chakula, bustani na bahari, tumlilie? Sisi tuna fasihi yetu ya magereza ya kweli. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake wa "Kenya: Twendapi?", na Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, ilizaliwa ndani ya kuta hizo. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwishoni mwa 1977, akawekwa Kamiti karibu mwaka mzima, na katika kumbukumbu zake za kizuizini zilizotoka 1981 anaeleza jinsi jina lake lilivyofutwa akawa K6,77. Hao hawakuamshwa na sauti ya kutangaza aiskrimu.

Kuna mhakiki atakayesema, kwa haki, kwamba McGoohan anacheza mchezo wa tabaka lililoshiba: mtu aliyekuwa mtumishi wa dola anaonja kidogo dawa yake mwenyewe, nasi tunaambiwa tumwone shujaa. Nakubali nusu. Namba Sita hatuambii kamwe yeye aliwafanyia nini watu wengine alipokuwa kazini. Huo ni upungufu wa kimsimamo, na siufichi.

Nusu nyingine siikubali. Tamthilia inatambua upungufu huo na inaumaliza kwa ukali. Katika sehemu ya mwisho, "Fall Out", Namba Sita anamfikia Namba Moja na kumvua kinyago. Chini yake kuna kinyago cha nyani. Anakivua nacho, anakutana na uso wake mwenyewe. Anatoroka, anafika London, na mlango wa nyumba yake unafunguka wenyewe kwa mlio uleule wa milango ya Kijiji. Watazamaji wengi wa 1968 walikasirika. Walitaka adui wa kigeni, wakapewa kioo. Na ni katika sehemu hiyohiyo ya mwisho, kwenye maandishi ya mwanzo, ndipo jina la Hoteli ya Portmeirion lilipotajwa kwa mara ya kwanza. Kwa sehemu 16 mahali palifichwa: mara tuliambiwa ni Lithuania, mara ni pwani ya Moroko. Ghafla tunaambiwa ni hoteli ya Wales, unaweza kwenda na kukodi chumba. Uso wa Namba Moja na jina la mahali vinafichuliwa pamoja: gereza si la mbali, ni letu, na watu hulipa kuingia.

Wakalipa kweli. Wapenzi wa tamthilia hii waliunda chama chao mwaka 1977 na kufanya mikutano papo hapo. Jumba la hoteli liliungua mwaka 1981, likajengwa upya na kufunguliwa 1988. Nyumba ya Namba Sita ikawa duka la kumbukumbu za tamthilia. Mtu ananunua beji ya namba ili akumbuke kisa cha mtu aliyekataa kuwa namba! Kejeli hiyo McGoohan mwenyewe asingeiweza.

Kutoka Wales hadi Namibia

Ningeweza kuishia hapa, lakini jambo linalonifanya niandike liko mbele kidogo. Mwaka 2009 The Prisoner ilitengenezwa upya kwa sehemu sita, iliyoandikwa na Bill Gallagher, Jim Caviezel akiwa Sita na Ian McKellen akiwa Mbili. Safari hii Kijiji hakikupigwa picha Portmeirion. Kilipigwa Swakopmund, mji wa pwani ya Namibia wenye majengo ya Kijerumani, ambao leo ni mji wa mapumziko. Bahari upande mmoja, jangwa upande mwingine. Macho yakiwa ndiyo hakimu, uchaguzi huo ni mzuri: nyumba za paa la pembetatu, mchanga usio na mwisho, ukungu.

Lakini Swakopmund si uwanja mtupu. Wajerumani waliuanzisha mwaka 1892 kama bandari ya koloni lao. Waherero walipoinuka mwaka 1904, jeshi la Kijerumani liliwaua na kuwafukuzia jangwani. Waliosalia, pamoja na Wanama, walitiwa katika kambi za mateso, na mojawapo ilikuwa Swakopmund. Wafungwa, wanawake na watoto wakiwamo, walifanyishwa kazi za bandarini na za reli katika baridi ya bahari ile, wakafa kwa wingi, wakazikwa pembeni ya mji katika makaburi yasiyo na majina. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kuwa yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Sisi wa Tanzania hatuwezi kujifanya wageni wa habari hiyo: dola ileile, miaka ileile, 1905 hadi 1907, ilikuwa ikiunguza mashamba na maghala ya babu zetu katika vita vya Majimaji.

Sasa unganisha. Katika Portmeirion msanii alichukua mahali pa raha akapageuza gereza la kubuni. Ardhi haikumkatalia, kwa kuwa haikuwa na maiti wa gereza chini yake. Katika Swakopmund mambo yalipinduka. Gereza la kweli lilishageuzwa mahali pa raha, kisha juu ya raha hiyo likajengwa gereza la kubuni, ambamo tatizo ni kampuni yenye kuchunguza watu na kucheza na fikra zao. Watu waliopoteza majina yao pale hawatajwi. Tamthilia inayolia juu ya mtu kuitwa kwa namba imepigiwa picha kando ya makaburi ambayo hata namba hayana, na hadithi haina habari.

Wapo watakaonijibu kwamba msanii hana wajibu wa kuwa mwanahistoria. Sawa. Sidai Gallagher aandike historia ya Waherero. Nasema kwamba kazi yenye dhamira ya kufutwa kwa utu inapochagua ardhi ambayo utu ulifutwa kweli, kisha ikaitumia kwa sababu ya ukungu na mapaa yake, imefanya lilelile inalolilaani. Huo si upungufu wa maudhui tu. Ni upungufu wa fani, kwa maana mandhari imebaki pambo, na ndiyo maana Kijiji cha 2009 kinapendeza lakini hakinasi. Kile cha 1967 kinanasa hadi leo kwa sababu kila dirisha la kuchorwa lilishiriki kusema.

Napendekeza basi tunapohakiki mandhari tuache sentensi zile mbili, tuulize maswali haya: Nani alipajenga mahali hapa na kwa faida ya nani? Pakiitwaje kabla? Nani anapaingia kwa mlango wa mbele na nani kwa mlango wa jikoni? Nani amezikwa hapo? Tuyaulize pia kwa riwaya zetu wenyewe, hasa zile za pwani, ambamo fukwe tunazozisifu kwa upepo na minazi zina hoteli, na hoteli zina walinzi. Mwenzangu wa semina ameniahidi jibu, na mhariri, natumaini, atampa nafasi.